Maji ya Samaki Yapunguapo: Nani Atayajaza?



Juma hili twawaomba mtufuate katika jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limewaua samaki wengi na kuwavunja moyo watu wengi waliokuwa wameanza kufuga kwa bidii. Ni jambo la maji yapunguayo bila mtu kuyachota. Mwanafunzi ameweka samaki wanne katika sanduku la kioo. Baba yake amechimba bwawa nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mvua zakoma. Hakuna aliyemwaga maji, wala chombo hakivuji. Lakini kila asubuhi mstari wa maji umeshuka kidogo, na siku moja samaki waonekana juu, midomo wazi, wakitafuta pumzi.

Hapo ndipo swali linapoanza. Maji yaliyopotea yatarudishwa na nani? Katika nyumba nyingi za Kabambare na Kasongo jibu lajulikana kabla ya kuulizwa: binti wa nyumba atachukua bidoni, atashuka mtoni, atapanda tena mlima. Akichelewa shuleni, atachelewa kwa ajili ya samaki. Sisi twasema kwamba jibu hilo si jema, wala si la lazima. Ziko njia za kuyafanya maji yajirudishe yenyewe, na baadhi yake hazihitaji fedha nyingi. Haya, tuzitazame pamoja.

MAJI YAENDA WAPI?

Kila mtu amekwisha kuona nguo mbichi ikikauka juu ya kamba. Maji yake hayakuanguka chini yote. Mengi yamepanda hewani yakiwa mvuke usioonekana kwa macho. Ndivyo yafanyavyo maji ya bwawa na ya sanduku la kioo, mchana na usiku. Mambo manne huyaharakisha: joto, ukavu wa hewa, upepo, na ukubwa wa uso wa maji ulio wazi. Kina hakiongezi mvuke. Sahani pana hukauka kabla ya chupa, ijapokuwa vyote viwili vimetiwa maji sawasawa.

Maji yapandapo huchukua joto pamoja nayo. Kwa sababu hiyo mtungi wa udongo huyafanya maji ya kunywa kuwa baridi: machache hupenya na kukauka nje, na yabakiayo ndani hupoa.

Sasa tupige hesabu. Sanduku la kioo lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 30 na kina cha sentimeta 30 lachukua lita 54. Likipoteza milimeta 3 kwa siku, limepoteza nusu lita. Ni kikombe kikubwa tu, na mtu aweza kudharau. Lakini kwa juma moja ni lita 3 na nusu, na kwa mwezi ni lita 15 hivi, yaani zaidi ya robo ya maji yote. Samaki wabaki wale wale, uchafu wao wabaki ule ule, na nyumba yao imekuwa ndogo.

KIENDACHO NA KIBAKIACHO

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kiendacho hewani ni maji matupu. Chumvi na chokaa vilivyoyeyuka ndani yake havipandi; hubaki chomboni. Tazameni sufuria ya kuchemshia maji ya kisima: baada ya siku nyingi ndani yake pana ukoko mweupe. Ukoko huo ni kile ambacho mvuke ulikataa kukichukua.

Basi mtu akijazia sanduku lake kila siku kwa maji ya kisima, kila siku aongeza chumvi kidogo, na hakuna inayotoka. Katika sanduku letu la lita 54, lipotezalo nusu lita kwa siku, itachukua siku 108 tu kwa lita 54 kupanda hewani na lita 54 nyingine kuingia. Siku hiyo chumvi itakuwa mara mbili ya ile ya mwanzo, ingawa maji yaonekana safi na mstari uko mahali pake. Samaki wa mtoni, waliozoea maji laini, huanza kudhoofika, na mwenye nyumba hajui sababu.

Kwa hiyo maji yafaayo kwa kujazia ni maji ya mvua. Yametoka katika mvuke, nayo hayana chumvi karibu yoyote. Acheni mvua ya kwanza ioshe vumbi na majani juu ya mabati, kisha kingeni inayofuata katika chombo safi chenye kifuniko. Walio katika miji yenye maji ya bomba wakumbuke kwamba maji hayo mara nyingi yametiwa dawa ya klorini, nayo huumiza mashavu ya samaki. Yakae kwanza katika beseni wazi kwa siku moja au mbili, ili klorini itoke.

ZIWA LATUFUNDISHA

Anayetaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake aelekee mashariki, nyuma ya milima, mpaka ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina uso wa kilometa za mraba karibu 33,000 na kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Maji huingia kwa mvua na kwa mito, kama vile Ruzizi na Malagarasi. Mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upitao Kalemie na kushuka mpaka Lualaba. Hata hivyo Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Sehemu iliyo kubwa kabisa ya maji yaliachayo ziwa hupanda hewani. Chumvi iletwayo na mito hubaki, na kwa hiyo maji ya Tanganyika ni mazito kwa chumvi kuliko ya mito yetu. Samaki wake wameyazoea tangu kale.

Samaki hao, wadogo na wenye rangi za kupendeza, wamesafiri mbali. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekaa Bujumbura, alikuwa akiwakusanya na kuwapeleka Ulaya na Marekani. Leo wako watu Ujerumani na kwingineko wafugao sebuleni samaki waliotoka mwambao wetu. Wakati wa baridi nyumba zao hupashwa moto, hewa hukauka, na maji hupungua upesi. Ndiyo sababu baadhi ya wafugaji wa huko hutumia vyombo vya kujazia maji bila mkono wa mtu.

Historia ya Lukuga ina fundisho jingine. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliufikia mdomo wa mto huo, naye akaendelea baadaye mpaka Nyangwe. Mwaka 1876 Stanley aliuona umezibwa na matete na tope, maji karibu hayaendi. Kutoka ziwani alipitia Kabambare akielekea Kasongo. Miaka michache baadaye ziwa lilipanda juu ya kizuizi kile na kukivunja. Mwaka 1879 wasafiri waliukuta mto ukienda kwa nguvu, na kabla ya mwisho wa karne ile ziwa lilikuwa limeshuka mita kama 10. Katika siku zetu tumeona kinyume chake: mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda mpaka kuingia katika nyumba na barabara za mwambaoni.

Chombo chochote cha maji, kiwe kikubwa au kidogo, chataka njia ya kuingilia na njia ya kutokea, na zote mbili zipimwe. Atakayeitengeneza moja na kuisahau nyingine atapata ukame au gharika. Tulikumbuke neno hili katika yote yafuatayo.

DAWA YA KWANZA: KIFUNIKO

Kabla ya kutafuta njia ya kuongeza, tupunguze kipotezwacho. Kioo kilichowekwa juu ya sanduku huuzuia mvuke. Matone hushika upande wa chini wa kioo, kisha huanguka tena majini. Acheni nafasi ndogo pembeni ili hewa ipite, kwa maana samaki nao wahitaji pumzi. Msiweke sanduku mbele ya dirisha lenye upepo wala mahali ambapo jua la saa nane hulipiga.

DAWA YA PILI: CHUPA ILIYOPINDULIWA

Wafugaji wa kuku waijua njia hii. Twaeni chupa ngumu isiyo na tundu, ijazeni maji, zibeni mdomo kwa kidole, ipindueni, na ushusheni mdomo ndani ya sanduku mpaka pale mnapotaka mstari wa maji ukae. Ondoeni kidole. Chupa ifungwe vizuri kwa kamba au ishikwe na kitanda kidogo cha miti, isije ikashuka wala kuinama.

Kumbe, maji hayamwagiki! Kwa nini? Hewa inayotuzunguka ina uzito, nayo huukandamiza uso wa maji katika sanduku. Mkandamizo huo huyashikilia maji yaliyo ndani ya chupa, maadamu hakuna hewa iwezayo kuingia. Lakini mvuke ukipanda na mstari ukashuka chini ya mdomo wa chupa, povu moja la hewa huingia, na maji kidogo hutoka badala yake. Mstari hupanda, hufunika mdomo, na mlango wajifunga tena. Chupa yenyewe yapima, yafungua, yafunga, bila umeme na bila mtu.

Chupa ya lita moja na nusu yatosha siku tatu kwa sanduku letu. Bidoni ya lita 5 yatosha siku 10. Angalieni mambo matatu. La kwanza, tundu dogo hata la sindano upande wa juu litaingiza hewa na maji yote yatashuka mara moja. La pili, msiiweke chupa juani, kwa maana hewa iliyo ndani ikipata moto hupanuka na kuyasukuma maji nje kabla ya wakati wake. La tatu, bidoni iliyojaa ni nzito: lita 20 ni kilo 20, nazo zikiangukia kioo hakuna kitakachobaki.

DAWA YA TATU: PIPA NA BOYA

Waliowahi kufungua tangi la choo cha kuvuta maji wameona kitu chepesi kinachoelea, kilichoshikana na mkono wa chuma au plastiki. Hicho ni boya. Maji yakishuka, boya lashuka nalo, mkono wafungua kijilango, maji yaingia. Yakipanda, boya lapanda na kijilango chafungwa. Boya dogo la namna hiyo laweza kufungwa katika sanduku la samaki na kuunganishwa kwa mpira na pipa lililoinuliwa juu kidogo.

Njia hii ni nzuri kwa vyombo vikubwa, lakini ina adui wawili. Uchafu au ukoko wa chokaa ukikwama katika kijilango, hakitafunga, na maji yataendelea kuingia mpaka sakafuni. Utelezi wa kijani ukilishika boya, hakitafunguka, na samaki watapungukiwa maji huku pipa limejaa. Kwa hiyo sheria ya mafundi wenye busara ni hii: pipa la akiba lisiwe na maji mengi kuliko nafasi iliyobaki wazi juu ya sanduku. Hapo, hata kijilango kikikwama usiku kucha, maji yote ya pipa yataingia bila kufurika. Boya lisafishwe kila mwezi.

Mijini wako watumiao pampu ndogo ya umeme yenye kidude cha kupima maji. Ni kitu kizuri pale umeme usipokatika. Mpira wake usizamishwe katika maji ya sanduku, kwa maana pampu ikisimama, maji yaweza kurudi yenyewe kupitia mpira huo mpaka katika ndoo iliyo chini.

Neno moja kwa akina mama: pipa la akiba lifunikwe daima. Katika bwawa samaki hula viluwiluwi vya mbu, lakini katika pipa hakuna wa kuvila. Pipa lililo wazi karibu na kitanda cha mtoto litakuwa kiwanda cha mbu.

BWAWA NA MWANZI

Sanduku la kioo ni la wachache. Bwawa ni la wengi. Katika nchi ya Kongo watu walihimizwa sana kuchimba mabwawa kabla ya mwaka 1960. Palikuwa na kituo cha uchunguzi wa samaki huko Kipopo, karibu na Lubumbashi, na katika miaka ya 1950 mabwawa yalihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Baadaye mengi yaliachwa yakajaa matete. Kazi ilifufuliwa katika miaka ya 1970 kwa tilapia wa mto Nili, akina baba wakifundishwa kulisha na kutunza mboji. Leo bwawa dogo bado ni ghala la nyama kwa familia iliyo mbali na ziwa.

Tulihesabu sanduku, sasa tulihesabu bwawa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Likipoteza milimeta 5 kwa siku kwa mvuke peke yake, limepoteza lita 1,000. Hizo ni bidoni 50 za lita 20, kila siku, mpaka mvua zirudi. Ni binti gani atakayezibeba? Mtu achimbaye bwawa mahali pasipo na maji yajileteayo yenyewe amewachimbia watoto wake utumwa.

Lakini gawanyeni lita zile 1,000 kwa dakika za mchana na usiku: si hata lita moja kwa dakika! Kikombe kikubwa kimoja na nusu kila dakika chatosha. Hata tukiongeza maji yapenyayo ardhini, tukasema bwawa lapoteza lita 3,000 kwa siku, ni lita 2 na zaidi kidogo kwa dakika. Kijito chembamba kabisa, kikiongozwa kwa mfereji na kuingia kwa bomba la mwanzi, kitaimaliza kazi ya bidoni 150.

Basi chagueni mahali palipo chini kidogo kuliko kijito. Mwanzi wa kuingizia ukae sentimeta 20 au 30 juu ya uso wa bwawa, uwe na wavu mdomoni, ili samaki wa porini wasiingie na wenu wasitoroke. Tena maji yaangukapo huchukua hewa. Upande wa pili wekeni bomba la kutokea kwenye kimo mnachokitaka, nalo liwe na wavu. Hilo ndilo Lukuga yenu: mvua kubwa ikija usiku, maji ya ziada yatapitia hapo na hayatavunja ukuta.

Msiyaache maji yapite kwa wingi mkidhani kwamba mwafanya vema. Maji yapitayo kwa kasi huondoa rutuba ya mboji iliyolifanya bwawa kuwa la kijani, na tilapia hukosa chakula. Ingizeni kiasi kile kile kipoteacho.

Mtajuaje kiasi hicho? Wanafunzi, kazi hii ni yenu. Simamisheni katika bwawa fimbo yenye alama za sentimeta na milimeta. Kando yake wekeni beseni pana lililojaa maji, mahali palipo na jua na upepo ule ule, mbali na mbuzi na kuku. Baada ya siku tatu zisizo na mvua, pimeni. Beseni halivuji, kilichopotea humo ni mvuke. Ikiwa beseni limeshuka milimeta 15 na bwawa milimeta 60, basi milimeta 45 zimepenya ardhini au ukutani. Dawa yake si kuongeza maji. Ni kushindilia udongo wa mfinyanzi na kuziba matundu ya kaa.

KUJAZA SI KUBADILISHA

Twamalizia kwa onyo. Chupa, boya na mwanzi huurudisha mstari wa maji mahali pake, haviondoi uchafu. Katika sanduku la kioo kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huendelea kuoza, na mwenyewe hudanganyika kwa kuwa chombo kimejaa siku zote. Kila juma toeni sehemu ya maji, kama sehemu moja katika tano, mkarudishe mapya. Maji mliyoyatoa ni mbolea njema kwa mboga.

Vyombo hivi havina macho. Asubuhi moja mtu asimame mbele ya bwawa na kuwahesabu kwa macho samaki wajao juu, anuse maji, atazame wavu. Kazi hii yachukua dakika mbili, wala haimzuii mtoto kwenda shule.

Twajua kwamba katika eneo la Kabambare, hasa pande za Salamabila, familia nyingi zimelazimika zaidi ya mara moja kuziacha nyumba zao kwa sababu ya mapigano, nazo hazijui zitarudi lini. Hatuwezi kusema kwamba mwanzi utalinda bwawa dhidi ya wezi. Lakini bwawa linalotegemea kichwa cha mtu hukauka juma lile lile watu waondokapo. Bwawa linalotegemea kijito laweza kuwangoja. Arudiye na kuwakuta samaki wake hai ana kitu cha kuanzia.

Juma hili, basi, baba na atafute mwanzi ulionyooka, na wanafunzi waandae fimbo na beseni. Andikeni vipimo vyenu daftarini kila asubuhi kwa siku saba, mkavilinganishe darasani na vya wenzenu. Naye binti wa nyumba, siku ambapo maji yatakuwa yakiingia yenyewe, aiweke bidoni chini na achukue mfuko wa vitabu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.